Kinyesi cha Hirola na Majina ya Nyasi za Ijara

Ijara, katika Kaunti ya Garissa, Kenya, kuanzia Masalani hadi Hifadhi ya Jamii ya Ishaqbini, mjadala wa hirola hurudi kwenye swali moja: anakula nini, na je, ndicho anacholishwa ng'ombe? Swala huyu, *Beatragus hunteri*, hafikii idadi ya 500 porini. Ugonjwa wa sotoka ulimpiga miaka ya 1980. Kisha, kati ya 1985 na 2012, miti katika maeneo yake ilizidi maradufu na mbuga za nyasi zikabanwa. Nyasi zikipungua, lawama humwangukia mfugaji kwanza.

Metabakodi ya DNA inaweza kulijibu swali hilo bila kumgusa mnyama. Mabaki ya DNA ya mimea hustahimili mmeng'enyo. Kipande kifupi cha kloroplasti hutolewa kwenye kinyesi, huzidishwa maabara, husomwa, kisha hulinganishwa na maktaba ya mimea inayojulikana. Mwaka 2015, mwanaikolojia Tyler Kartzinel na wenzake walichapisha matokeo ya kazi hiyo kutoka Mpala, Laikipia. Pundamilia wa kawaida na pundamilia wa Grevy, ambao zamani waliwekwa kapu moja la “wala nyasi”, walionekana kutofautiana katika spishi za nyasi walizokula. Ugunduzi wa aina hiyo ndio unaotamaniwa Ijara.

Mimi natilia shaka kama utapatikana huko, si kwa sababu ya mashine za kusoma DNA. Kinyesi hakitaji jina ambalo maktaba haina. Mpala ilijengewa maktaba ya mimea ya hapohapo. Nyanda za chini za mto Tana, ambako Ijara ipo, zina mimea yake tofauti. Kukiwa na pengo, uchambuzi huishia kwenye jina la familia tu: Poaceae. Ripoti ikisema hirola na ng'ombe wote wamekula Poaceae, tumelipa fedha nyingi kuambiwa kwamba wote wanakula nyasi (jambo ambalo mtoto wa malishoni analijua), na kuna atakayeisoma kama ushahidi dhidi ya mifugo. Tena, wingi wa mifuatano ya DNA si kilo za nyasi, na kipande kinachotumika ni kifupi mno kutenganisha baadhi ya nyasi za ukoo mmoja.

Kwa hiyo fedha za mwanzo ziende kwenye kukusanya na kukausha mimea, pamoja na wafugaji wanaozijua nyasi kwa majina ya Kisomali na kwa msimu wake, na nakala zihifadhiwe katika hebaria ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Atasema mtu: hirola hana muda wa kungoja wakusanya majani. Kweli. Lakini kinyesi kilichokaushwa vizuri au kugandishwa hungoja, na data zake za DNA zinaweza kulinganishwa upya kila maktaba inapokua. Kiokotwe sasa, masika na kiangazi, cha hirola na cha ng'ombe, kwenye malisho yaleyale.