Tembo, daftari na amri iliyofutwa

Nimeadimika kidogo. Nilikuwa nyumbani Robanda, kwa sisi Waikoma tunaopakana na hifadhi ya Serengeti. Kwetu tembo si picha ya kalenda, ni mgeni anayemaliza shamba la mahindi usiku mmoja.

Rafiki yangu mtafiti alitega vinasa sauti kandokando ya mashamba miaka kadhaa iliyopita, ajue tembo wanapita lini. Juzi kaweka matoleo mapya kwenye kompyuta yake, na ile programu aliyoiandika mwenyewe ya kuchambua sauti ikagoma. Akaniita. Ilibidi turudi nyuma kihistoria.

Mwaka 1984 Katy Payne, Mmarekani aliyezoea nyimbo za nyangumi, alisimama karibu na tembo katika bustani ya wanyama ya Portland, Oregon, akahisi hewa inatetemeka. Hakusikia kitu. Kumbe tembo huzungumza hata chini ya hezi 20, ambako sikio la binadamu halifiki! Baadaye yeye na Joyce Poole wakaifuatilia siri hiyo Amboseli, hapo jirani Kenya.

Mwaka huohuo, Ufaransa, mhandisi wa mafuta Jean Morlet na mwanafizikia Alex Grossmann walichapisha hesabu ya viwimbi vifupi vinavyotanuka na kusinyaa. Morlet alitaka kusoma mwangwi wa ardhini, lakini hesabu hiyo inafaa pia kuonyesha mlio umetokea lini na ni mzito kiasi gani.

Ndani ya SciPy, maktaba ya bure ya hesabu katika lugha ya Python, kazi hiyo ilikuwa amri moja: cwt. Toleo la 1.12 la mwaka 2024 likaonya kwamba itaondolewa. Toleo la 1.15, Januari 2025, likaiondoa kweli, pamoja na kiwimbi chake, ricker. Wenyewe wakasema: hamieni PyWavelets.

Tukahama. Ricker ikawa mexh. Programu ikaenda bila kosa hata moja, tukapongezana! Kisha ikatuambia kwamba usiku fulani wa Machi tembo hawakupita.

Baba mdogo akacheka. Akaleta daftari lake la shule lililochakaa, anamoandika kila usiku wanapoingia. "Usiku huo ndio walinimalizia mahindi."

Kulinganisha na kompyuta ya zamani kukatoa jibu. Namba za amri mpya hazilingani sawasawa na za zamani, na mlio ule dhaifu uliangukia chini kidogo ya kizingiti tulichorithi. Tukakipanga upya kwa kufuata daftari.

Hebu fikiri: bila daftari lile, ripoti ingesema hapakuwa na tembo, na mkulima anayedai kifuta jasho angeonekana mwongo. Programu inayogoma angalau inakuambia imegoma. Iogope ile inayojibu vibaya huku imetulia.

Nyumbani kwenu, nani anaandika daftari?