Akhbari za Vijiji vya Ugogo

Msafiri atokaye pwani kwa njia ya kale ya misafara, akiisha kuipita Mpwapwa na kulikata pori kame la Marenga Mkali, ambamo wapagazi walikaza mwendo kwa hofu ya kiu, huingia Ugogo, uwanda mpana wa mibuyu na miiba, ulioinuka juu ya bahari kadiri ya mita 1,100, ambao mvua yake ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, nayo aghalabu haifiki milimita 600 kwa mwaka. Wageni walioandika juu ya nchi hii, tangu Burton wa mwaka 1857 hata Stanley wa mwaka 1871, walilalamika sana juu ya hongo waliyotozwa na watemi; lakini kwa wenyeji, ambao visima vyao vilinywesha mamia ya watu kwa siku moja, hongo ilikuwa haki iliyo dhahiri, na msafara wenyewe, ulipokwisha kupita, haukuweza kushindana na habari ya wingu.

Mimi naona kwamba atakaye kuijua taarikh ya Ugogo na asikilize kwanza yale waliyoulizana wanavijiji. Wagogo wa zamani hawakusongamana mahali pamoja. Kila kaya ilijenga nyumba yake ya tembe, yenye paa bapa la udongo, ikizunguka zizi, mbali na ya jirani, hata ikawa habari haina njia ila kisimani, penye pombe ya mtama, msibani, na katika ziara za jamaa. Wala ziara hizo hazikuwa za upuzi: mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi lake, bali aliwagawa kwa marafiki na wakwe wa mabonde ya mbali, ili ukame au maradhi ya mahali pamoja yasimfilisi, kwa hiyo mgeni, akiisha kuamkiana na wenyeji kwa mbukwenyi na kupewa kigoda, aliulizwa mvua na malisho kwa shauku ya mtu mwenye mali yake huko atokako mgeni. Mtemi naye, mhifadhi wa mawe ya mvua, ndiye aliyetazamwa mawingu yalipochelewa.

Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, ikaleta maduka na barua. Baada yake ikaja Vita Kuu, na majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza walioishika nchi mwaka 1916, yakachukua ng'ombe, nafaka, na vijana wa kubeba mizigo. Na mvua nazo zilipokatika, hapakuwa na akiba ya kukimbilia. Ndipo ilipokuja njaa ya Mtunya, iliyodumu tangu 1917 hata 1920, ikaua watu wapatao 30,000 katika watu 150,000 wa nchi hii. Katika mwaka ule wa 1917 alizaliwa huko Ihumwa, mashariki ya Dodoma, Mathias Mnyampala, mshairi na msomi, ambaye baadaye alikusanya historia, mila na desturi za Wagogo katika kitabu cha Kiswahili. Nasi tuna deni kwake, kwa kuwa bila ya kalamu kama yake, masimulizi ya wazee wengi yangalizikwa pamoja nao.

Waliodharau akhbari za kijiji walilipa gharama. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyopungukiwa na mafuta ya kula, ilianza huko Kongwa mpango mkubwa wa karanga, uliokusudiwa kuenea, pamoja na Urambo na Nachingwea, katika eka zaidi ya milioni 3. Matrekta yalivunjika kwa visiki, udongo wakati wa kiangazi ukawa mgumu mithili ya saruji, na mvua ikawa ile ile ambayo kila mchunga ng'ombe wa Kongwa aliijua kwa tabia yake ya kuhini. Mpango ukaachwa mwaka 1951, zikiwa zimepotea pauni zipatazo milioni 36, hali jawabu lilikuwa midomoni mwa majirani wa mashamba yale.

Miaka 20 baadaye, katika Operesheni Dodoma, kaya zilizotawanyika zilikusanywa katika vijiji vya ujamaa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akashiriki kufyatua matofali huko Chamwino. Tangu hapo tangazo lilipita kwa balozi wa nyumba kumi, na redio ikaleta salamu na matangazo ya vifo kutoka mikoa ya mbali. Hata hivyo, gazeti halisi la Ugogo lingali mnada wa ng'ombe. Mwaka mbaya, wenye mifugo hushuka wengi kwa pamoja kutafuta fedha ya chakula, bei ya ng'ombe ikaanguka huku debe la mahindi likipanda. Mwaka mwema, ng'ombe huonekana wachache, nao wanunuzi hubembeleza. Mzee apitaye mnadani huuliza bei hizo mbili, ya ng'ombe na ya debe, kisha hurejea kwake akiwa na habari za wilaya nzima.