Mawe ya Kirichwa na Mashimo Yaliyobaki

Mji wa Nairobi, uliochipuka mahali reli ya kutoka Mombasa ilipofika mwaka 1899, ulianza kwa mahema na vibanda vya mabati, na tauni ilipozuka katika soko la Wahindi mwaka 1902, wakuu wa serikali waliliteketeza soko hilo kwa moto. Walakini yeyote aliyetaka nyumba ya kudumu, isiyo ya bati wala turubai, hakuwa na haja ya kuagiza mawe ng'ambo, kwani yalikuwa chini ya miguu yake.

Wajuzi wa elimu ya miamba wamelipa tabaka la mawe hayo jina la Kirichwa, kutokana na vijito vya vitongoji vya Kileleshwa na Kilimani, ambavyo kimojawapo hupita katika Arboretamu, bustani iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kuni za gari moshi. Asili yake ni jivu la volkeno lililotandaa mamilioni ya miaka iliyopita, likashikamana hata likawa jiwe la kijivu, gumu kiasi cha kubeba ghorofa, ila si gumu kiasi cha kuikataa tindo. Na kama mpwani alivyo na tumbawe lake, ndivyo mjenzi wa Nairobi alivyokuwa na jiwe hili.

Waashi aghalabu walikuwa Wahindi wa Punjab na Kachchh, na vibarua walikuwa Waafrika. Kwa mikono yao palisimama majengo ambayo hata leo humlazimu mpita njia kuinua macho: kanisa kuu la All Saints, lililowekewa jiwe la msingi mwaka 1917 na kukamilika 1952, na lile jengo la 1913 katika barabara ya Kenyatta liitwalo Kipande House, ambamo Waafrika waliandikishwa na kupewa kipande cha kuning'iniza shingoni, bila hicho mtu asipate kazi mjini. Sioni dhihaka iliyo kali kuliko hii, kwamba mtu apasue jiwe, kisha jiwe lilelile limsajili.

Faida, basi, haina shaka: mji ulipata makao, mafundi wakapata riziki, na vitongoji vya magharibi, ambavyo serikali ya kikoloni ilivitenga kwa Wazungu, vikajaa nyumba za mawe zenye mapaa ya vigae. Hasara ilihamia upande mwingine. Bonde la Mathare, lililokuwa machimbo ya mawe, liligeuka makazi ya maskini waliojibanza katika kingo zake. Na machimbo yaliyoachwa huko Dandora yakafanywa jaa la mji kuanzia miaka ya 1970. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu hapahapa Nairobi, mtaani Gigiri, lilichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa watoto 328 wa karibu na jaa hilo, na nusu yao walionekana kuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichohesabiwa kuwa sumu. Risasi nayo ni mali ya ardhini. Ilitolewa timbo jingine, ikarudishwa katika hili. Jaa lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori hayajakoma.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imeagiza mrabaha ugawanywe asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali palipochimbwa. Mgao huo una insafu ndani yake, ila umewafikia watu wa Mathare mawe yao yakiwa yamekwisha kuwa kuta za wenyewe.

Siku hizi nyumba za mawe za Kileleshwa na Kilimani zinabomolewa kupisha minara ya zege, na zege halikatwi kwa tindo: saruji hutoka Athi River, na mchanga katika mito ya msimu ya Machakos na Makueni, ambako mchanga huohuo ndio uhifadhio maji wakati wa kiangazi, hata ukichotwa wote wanawake hufukua bila kupata ndoo moja. Ugomvi wa mchanga umetoa roho za watu huko. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria yake mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuusimamia, jambo ambalo Nairobi, mnunuzi mkuu wa mchanga huo, haikulifanya kwa mawe yake yenyewe.