Dhiki ya Mmea: Istilahi na Kazi Yake Shambani

Mkulima wa Kidahwe, mkoani Kigoma, akiomba dukani mbegu ya mahindi "inayostahimili ukame", huenda akapewa mbegu inayokomaa upesi. Kwa mtaalamu wa fiziolojia ya mimea hayo ni mambo mawili, na asiyeyatenganisha anaweza kupoteza msimu. Istilahi za fani hii zipo ili kuyatenganisha.

Neno mama ni dhiki. Dhiki ya mmea ni hali ya kubanwa na mazingira hata mmea ushindwe kukua au kuzaa kwa kadiri ya uwezo wa mbegu yake. Wapo wanaotumia msongo, lakini neno hilo limeshazoeleka kwa mawazo ya binadamu. Wengine huandika mkazo, ambao wanaisimu wameshauchukua kwa ajili ya silabi inayotamkwa kwa nguvu. Dhiki haidai kiumbe chenye mawazo, tena hufaa kwa uhaba na kwa wingi pia. Kati ya Juni na Septemba, kiangazi cha Kigoma hukausha udongo, na mazao hudhikika kwa kukosa maji. Kando ya Ziwa Tanganyika, maji yanapopanda na kufunika mashamba, mizizi hukosa oksijeni, hushindwa kunyonya, na majani hunyauka ilhali mmea umesimama majini.

Ukame wenyewe si dhiki. Huo ni kisababishi. Dhiki imo ndani ya mmea, nayo hupimika. Ndiyo maana mtafiti wa fani hii huwa shambani kabla ya alfajiri, wakati mmea umejaza maji kiasi ulichoweza kupata usiku. Hukata jani, hulifungia ndani ya chombo cha chuma huku kikonyo kikichungulia nje, kisha husukuma hewa mpaka tone la maji litokeze kwenye mkato. Kadiri shinikizo linalohitajika linavyokuwa kubwa, ndivyo dhiki ilivyo kubwa. Njia hiyo ilienezwa na Per Scholander na wenzake mwaka 1965. Kwa chombo hicho, mimea miwili iliyopandwa shamba moja, chini ya jua lilelile, inaweza kutoa vipimo tofauti, kwa kuwa mmoja mizizi yake imefika chini zaidi.

Kinachofuata ni mwitikio. Udongo ukikauka, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi absisiki, inayoamuru stomata, yaani matundu madogo ya jani, zifungwe. Maji hupotea kwa kiasi kidogo tu, lakini hewa ya ukaa nayo huingia kidogo, na bila hewa hiyo hakuna sukari. Kila mwitikio una gharama yake, na kuipima gharama hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi ya mtaalamu huyu.

Jacob Levitt, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu dhiki za mimea, alizitenganisha njia ambazo mmea huokoka nazo. Kwa Kiswahili tuseme kukwepa, kujikinga na kustahimili. Mahindi ya muda mfupi hukwepa: hukomaa kabla mvua haijakatika. Mhogo hujikinga: hufunga stomata mapema, hupukutisha majani, na kusubiri. Unaostahimili hasa ni mmea ambao seli zake hukauka karibu kabisa na bado zikaishi. Mimea ya aina hiyo ni michache, kama Myrothamnus flabellifolius wa miambani, ambao Jill Farrant wa Chuo Kikuu cha Cape Town ameuchunguza kwa miaka mingi.

Mkulima aliyeambiwa mahindi yake "yanastahimili" anaweza kuchelewa kupanda bila wasiwasi. Angeambiwa "yanakwepa", angejua kwamba nguvu yake iko katika kuwahi mvua, na kwamba akichelewa hana mbegu ya ajabu mkononi.

Mchikichi, zao linaloutambulisha mkoa huu, unadai istilahi moja zaidi: dhiki iliyochelewa. Asili yake ni Afrika Magharibi na Kati, kwenye mvua nyingi, na kiangazi cha Kigoma ni kirefu kwake. Ukikosa maji, makuti machanga hurundikana kileleni yakiwa yamesimama bila kufunguka. Hilo mkulima huliona. Asiloliona ni kwamba maua yanayojitengeneza ndani ya shina huelekea kuwa ya kiume badala ya kike, na ua la kiume halizai mkungu. Upungufu wa mavuno hujitokeza hata miaka miwili baadaye, pengine mvua zikiwa nzuri. Hapo mkulima hulaumu mbegu au mbolea, kumbe analipa deni la ukame aliokwisha kuusahau.

TARI Kihinga, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania kilichopo Kigoma na kinachoratibu utafiti wa michikichi nchini, kinazalisha mbegu ya mchikichi aina ya tenera, yenye mafuta mengi kuliko aina ya kienyeji iitwayo dura. Kwa mbegu za namna hiyo, swali la mtaalamu wa dhiki ni mahususi: dhiki ipi, katika umri upi wa mmea, kwa muda gani? Maofisa ugani wangefanya vyema kulibeba swali hilo hadi kijijini. Neno "stahimilivu" peke yake halimwambii mkulima lini apande, wapi aweke mmea wake, wala mavuno ya mwaka gani ayatilie shaka. Kukwepa, kujikinga na dhiki iliyochelewa humwambia.