Mtaani (wahitimu wa vyuo)

Mtaani, katika mazungumzo ya vijana wasomi wa Tanzania, ni kipindi kati ya kumaliza chuo na kupata ajira ya kwanza. Aliyemo husema "bado niko mtaani", hata akiwa anaishi kwa wazazi na anatoka kila asubuhi na bahasha ya vyeti.

Wahitimu wa kwanza hawakukijua kipindi hiki. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kwa wanafunzi 13 wa sheria, na kwa miaka mingi wahitimu walipangiwa kazi na serikali. Azimio la Musoma la 1974 lilitanguliza hata kazi mbele ya chuo: aliyemaliza kidato cha sita alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa, akafanya kazi, ndipo akaomba nafasi ya kusoma. Mambo yaligeuka miaka ya 1980 na 1990, serikali ilipopunguza watumishi na mashirika ya umma yakabinafsishwa, huku vyuo vikianza kuongezeka. Ushindani uliotokea ulionekana wazi Juni 2014, usaili wa Idara ya Uhamiaji ulipofanyikia Uwanja wa Taifa: waombaji walizidi 10,000, nafasi zilikuwa 70.

Ajira nyingi za serikali sasa hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mwombaji hujisajili mtandaoni, hupakia vyeti vilivyothibitishwa na wakili, na akiitwa hufanya mtihani wa mchujo, kisha mahojiano. Matangazo husema wazi kwamba hati ya matokeo ya muda haipokelewi, ilhali masomo huisha Julai, mahafali ni Novemba au Desemba, na cheti huweza kuchelewa zaidi. Nauli ya kwenda kwenye usaili, malazi na malipo ya wakili humwangukia mtu asiye na kipato, hivyo hutoka kwa mama, kaka au shangazi yake. Gharama hii haimo katika hesabu yoyote ya ada, nayo humtoa mtoto wa maskini kwenye ushindani kabla uwezo wake haujapimwa.

Waajiri binafsi hutaka uzoefu, na uzoefu hutafutwa kwa kujitolea: kazi ya siku nzima kwa posho ya nauli, au bila chochote.

Anayetoka mtaani naye huweza kuanza kazi na deni: aliyesomeshwa kwa fedha za Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, akiajiriwa hukatwa 15% ya mshahara wa msingi kila mwezi. Kabla ya marekebisho ya 2016 makato yalikuwa 8%.