Injini ya dizeli inapokataa kuzunguka: Namna ya kutambua chanzo cha hitilafu

Barabara inayotoka Kasese, mji ulio chini ya milima ya Rwenzori magharibi mwa Uganda, kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe hupitisha malori mengi ya dizeli. Hubeba saruji ya Hima, chumvi ya Katwe na mazao ya mashambani, na baadhi yake huvuka hadi Kasindi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Lori linapokwama hapo, mazao huharibika, na si ajabu mmiliki akanunua betri mpya ambayo hakuihitaji.

Hasara hiyo ya pili huepukika iwapo dereva atatenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara.

Kuzunguka si kuwaka

Injini huzungushwa na stata, mota ya umeme inayopata nguvu kutoka kwenye betri. Huwaka pale mafuta yanapoungua ndani ya silinda. Ikiwa inazunguka kwa kasi ya kawaida lakini haiwaki, chanzo hutafutwa kwenye mafuta: tangi tupu, chujio lililoziba au hewa iliyoingia kwenye mabomba. Ikiwa haizunguki kabisa, kufungua pampu ya mafuta ni kupoteza muda.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Huibana hewa, kwa kawaida mara 15 hadi 22, mpaka ipate joto la kuwasha mafuta. Kubana huko kunahitaji stata yenye nguvu nyingi. Injini ikizunguka polepole, hewa huvuja pembeni mwa pistoni na joto hupotea, nayo isiwake hata kama mafuta yapo. Kwa hiyo mzunguko mzito ni hitilafu inayojitosheleza.

Jaribio la taa

Kipimo cha kwanza hakigharimu chochote. Taa kubwa huwashwa, kisha mtu mmoja hupiga stata huku mwingine akizitazama.

Taa zikififia sana au kuzimika, umeme hautoshi: betri imeisha, viungo vimelegea, au injini yenyewe imekaza. Taa zikibaki na mwanga wake na kusisikike sauti yoyote, amri ya kuwasha haifiki kwenye stata. Hapo huangaliwa fyuzi, rilei, swichi ya ufunguo na, kwa gari la gia za kujiendesha, nafasi ya gia. Ukisikika mlio mmoja wa "ta!" huku taa ziking'aa, aghalabu kasoro imo ndani ya stata au swichi yake ya sumaku. Stata ikivuma bila kuizungusha injini, meno yake hayashiki gurudumu la injini.

Betri na nyaya

Betri nzima ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6. Ikiwa 12.2, imebaki na nusu hivi ya chaji. Wakati wa kupiga stata haipaswi kushuka chini ya volti 9.6 hivi. Malori mengi hutumia volti 24, hivyo vipimo hivyo huzidishwa mara mbili.

Betri ikiwa nzima, nyaya ndizo hufuata. Kipima volti huwekwa kati ya ncha hasi ya betri na chuma cha injini wakati stata inapigwa. Kikionyesha zaidi ya nusu volti, waya wa ethi au viungo vyake vina kutu au vimelegea. Chumvi huharakisha kutu, hivyo magari yanayoibeba yanahitaji kukaguliwa viungo hivyo mara nyingi zaidi. Joto la bonde nalo hufupisha maisha ya betri, kwa kuwa hukausha maji yake na kuharakisha uchakavu wa bamba za ndani.

Maji ndani ya silinda

Mito inayoteremka Rwenzori, ukiwemo Nyamwamba unaopita Kasese, imewahi kufurika vibaya, kama ilivyokuwa mwaka 2013 na 2020. Gari lililopita kwenye maji na kuzimika ghafla halipaswi kupigwa stata. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Pistoni ikiyagonga, mkono wake huweza kupinda na injini ikaharibika. Fundi hufungua kwanza nozeli au plagi za kupasha joto, kisha huizungusha injini taratatibu ili maji yatoke.

Tahadhari za kuazima umeme

Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka kwa cheche. Kwa sababu hiyo waya hasi wa mwisho huungwa kwenye chuma cha injini, mbali na betri. Gari dogo la volti 12 halipaswi kuungwa na lori la volti 24, kwani vifaa vyake vya umeme huweza kuungua.

Na gari likiwaka, uchunguzi haujaisha. Injini ikinguruma, betri ya volti 12 inapaswa kuonyesha kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Chini ya hapo, altaneta haichaji ipasavyo, na gari hilo huenda likakataa tena kwenye kituo kifuatacho.