Alama Ndogo Juu ya Fedha

Mnamkumbuka yule mwanamke wa Luka 15, aliyewasha taa na kufagia nyumba. Alichokitafuta Biblia yetu ya Union hukiita shilingi. Katika Kiyunani ni drakma, sarafu ya madini ya fedha. Thamani yake ilikuwa katika fedha yenyewe.

Wayunani walijua kwamba sura ya sarafu yaweza kudanganya. Sarafu ya Athene ilikuwa na bundi pamoja na herufi za mwanzo za jina la mji. Hata hivyo, sheria yao ya yapata mwaka 375 K.K. ilitaka mpimaji akae sokoni, kati ya meza za wabadili fedha. Akikuta shaba au risasi ndani ya sarafu, huikata papo hapo.

Sisi wa pwani nasi tunayo habari yetu. Mwaka 1888 kampuni ya Imperial British East Africa ilitoa rupia yenye picha ya mizani na jina la Mombasa. Lakini haikufuliwa Mombasa. Itazameni vizuri: ina herufi ndogo H, alama ya kiwanda cha Heaton, mjini Birmingham, Uingereza. Katika kila sehemu 1,000 za rupia ile, 917 zilikuwa fedha safi.

Mwaka 1920 florini ilishika mahali pa rupia: sehemu za fedha 500. Mwaka 1921 ikaja shilingi: 250. Tangu 1948 shilingi ikawa shaba na nikeli, fedha hakuna hata chembe. Na bado shilingi nyingine za 1949 na 1950 zina H ile ile!

Fikirini basi wazee wetu wa Likoni na Kisauni, na vibarua wa reli kule Changamwe, waliofukia akiba zao chini ya kitanda. Aliyefukia rupia ya 1888, wajukuu wakiifukua hata leo watakuta fedha. Aliyefukia shilingi ya 1950 aliwaachia jina tu. Herufi H haikusema uongo. Ilimtaja mfuaji, haikuapa juu ya kilichomo ndani.

Ndugu zangu, mizani iliyochorwa haipimi kitu. Tusiridhike na chapa, tupime. Kwaherini, mpaka juma lijalo.